Mpe Kitabu Ambacho Hakitatoka Kwenye Mtihani

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi Julai, familia nyingi za Tanzania huingia kwenye msimu mdogo wa zawadi. Kijana wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia) kapata daraja la kwanza na anategemea kwenda kusomea udaktari Muhimbili au KCMC, binti wa PCM (fizikia, kemia, hisabati) anataka uhandisi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baba mdogo anatoa begi la matairi, shangazi anatoa shuka, ndoo na pasi. Mjomba, yule anayejihesabu msomi wa ukoo, anasema yeye atatoa kitabu. Kisha anaanza kupiga simu huku na huko: jamani, mtu wa sayansi anapewa kitabu gani?

Mara nyingi mjomba huyo hutoka dukani na kimoja kati ya vitabu vya aina mbili. Aina ya kwanza ni kitabu cha kiada, kinene, chenye picha ya atomu au ya moyo wa binadamu kwenye jalada. Aina ya pili ni maisha ya mtu aliyefanikiwa. Kile cha kwanza kitaishia chini ya kitanda cha hosteli. Cha pili kitasomwa kwa siku mbili, kitasifiwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kitasahaulika kabla ya wiki ya kwanza ya vipindi.

Kwa maoni yangu, mjomba hajui thamani ya alichokishika mkononi. Kitabu cha zawadi ndicho pengine kitabu pekee ambacho mwanafunzi huyu atakuwa nacho mwaka mzima bila mhadhiri yeyote kutunga swali kutoka humo. Tangu darasa la kwanza kila kitabu cha sayansi alichopewa kilikuwa na mtihani nyuma yake. Hiki hakina. Kuitumia nafasi hiyo kumnunulia kitabu kingine cha mtihani, au kitabu cha kumhimiza afaulu mtihani, ni kumrudisha alikotoka.

Nianze na vitabu vya kiada kwa sababu ndivyo vinavyokula pesa nyingi. Mtoto aliyetoka kidato cha sita ameshaishi na kitabu cha fizikia cha Nelkon na Parker, ameshafumua maswali ya kitabu cha Chand mpaka kurasa zimelegea, na kama ni wa baiolojia ameshatembea na kile kitabu kizito cha Biological Science wanachokiita BS kwa kifupi. Chuoni mambo hubadilika. Kila somo lina orodha yake ya vitabu, mhadhiri ana slaidi zake, na mwaka wa pili wamewaachia mwaka wa kwanza madesa, yaani nukuu za masomo, yaliyotolewa kopi stesheni, yakiwa na alama za kalamu pale ambapo UE, mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula, hupenda kupita. Vitabu vyenyewe viko maktaba, na vingi vinazunguka kwenye simu kama PDF, vingine kwa njia halali na vingine sivyo. Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani, kupitia mradi wake wa OpenStax, kinatoa bure kabisa vitabu vya fizikia, kemia, baiolojia na hisabati vya mwaka wa kwanza, na yeyote mwenye bando anaweza kuvipakua leo. Mjomba aliyetoa laki na ushee kununua toleo la zamani la kitabu ambacho toleo jipya lipo bure hana wa kumlaumu.

Kuna nafasi moja ninayoiacha wazi. Mwanafunzi wa udaktari anayekwenda kukaa na atlasi ya anatomia kwa miaka miwili anaweza kweli kufurahia kuwa na yake, ya karatasi, ambayo haizimiki chaji. Lakini hata hapo, muulize kwanza aliyeko mwaka wa pili katika chuo hicho hicho ni ipi wanaitumia. Usimuulize muuza duka.

Vitabu vya mafanikio ni vigumu zaidi kuvisema, maana vinatolewa kwa mapenzi. Kinachotajwa sana kwetu ni kile cha Ben Carson cha mwaka 1990, kinachosimulia jinsi mtoto maskini wa Detroit alivyofika hadi kuwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo wa watoto. Kwa kijana wa kidato cha pili anayeambiwa na kila mtu kuwa kichwa chake ni kizito, kitabu hicho ni dawa. Ila tazama kinavyoisimulia sayansi yenyewe. Kilele chake ni upasuaji wa Septemba 1987 wa kuwatenganisha mapacha wa Kijerumani walioungana vichwa: saa 22 chumba cha upasuaji, kikosi cha watu 70. Ni jambo kubwa, hakuna ubishi. Lakini watoto wale hawakupata maisha ya kawaida baadaye, na kwa daktari mwanafunzi hapo ndipo maswali mazito yanapoanza: tulipima nini kabla, tulijuaje kuwa inafaa, mafanikio yanahesabiwa kwa mgonjwa kutoka hai chumbani au kwa atakavyoishi miaka kumi baadaye? Kitabu cha mafanikio hufungwa pale makofi yanapopigwa. Na huyu mwenye daraja la kwanza hana upungufu wa watu wa kumwambia ajitume. Amejituma. Anachokwenda kukutana nacho ni jaribio la kwanza la muhula ambapo atapata alama 38, aliyekaa pembeni yake apate 41, na wote wawili walikuwa wa kwanza shuleni kwao. Hadithi ya mtu aliyeshinda haimwambii la kufanya usiku huo.

Sasa tuangalie shule zetu zinavyomwandaa. Aliyewahi kusimamia mtihani wa vitendo wa fizikia anajua hili. Jaribio ni la pendulamu: uzi, kijiwe cha chuma, rula, stopwochi. Mwanafunzi anabadilisha urefu wa uzi, anahesabu mizunguko 20 ya kwenda na kurudi, anapata muda wa mzunguko mmoja, anauzidisha kwa wenyewe, anachora grafu dhidi ya urefu, kisha anagawanya 4π² kwa mteremko ili apate g, kipimo cha mvutano wa dunia. Kila mtu chumbani anajua jibu linalotakiwa ni 9.8. Kwa hiyo aliyepata 9.1 hajiulizi kama uzi wake ulikuwa unazunguka badala ya kwenda na kurudi, au kama aliibonyeza stopwochi akiwa amechelewa. Anachukua kifutio. Namba zinapikwa kurudi nyuma, kutoka kwenye jibu hadi kwenye jedwali, na nukta zinakaa juu ya mstari kama zimechorwa na fundi. Maabara ya kemia ni vilevile: usomaji wa bureti unanong'onwa kutoka meza hadi meza mpaka darasa zima linafanana hadi desimali ya pili.

Simlaumu mwanafunzi. Alama zinatolewa kwa 9.8. Ila mtu aliyekaa katika mfumo huo miaka sita anafika chuo akiamini, bila hata kujua kwamba anaamini, kuwa sayansi ni ghala la majibu sahihi na kazi yake ni kuyabeba bila kuyamwaga. Kitabu cha zawadi kinaweza kumwonyesha upande wa pili: mtu mzima, mwenye akili, akiwa hajui. Akikosea, akirudia, akibishiwa. Ndicho kipimo changu dukani. Nafungua katikati, si mwanzoni, maana mwanzoni kila kitabu hujipamba, na natafuta ukurasa ambao mwandishi au mtu anayesimuliwa yuko gizani na bado anafanya kazi. Nikiukosa, narudisha kitabu rafuni.

Maandishi yanayofaulu kipimo hicho kuliko yote ninayoyajua ni kurasa chache tu, na yameandikwa na Mtanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto. Wavulana walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Friji ilikuwa inagombaniwa. Siku moja Mpemba alinunua maziwa kwa akina mama wa pale jirani, akawa anayachemsha, mwenzake akamwona, akakimbia kuchanganya maziwa mabichi na sukari na kuyawahisha kwenye friji ili asikose nafasi. Mpemba akaona akisubiri yake yapoe atakosa trei ya mwisho. Akayatia ya moto hivyo hivyo, akijua anaweza kuiharibu friji ya watu. Baada ya saa moja na nusu wakarudi. Yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado ni uji mzito.

Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, alijibiwa kuwa amechanganyikiwa, haiwezekani. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini alimwambia kuwa wao huweka vitu vya moto makusudi ili vigande haraka. Wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanaliishi jambo ambalo darasani lilikuwa haliwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akamjibu kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Darasa likapata utani wa kudumu: akikosea hesabu, wenzake wanasema hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Kisha akaja mgeni kuhutubia, Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati huo. Mpemba akasimama akauliza kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya maji ya nyuzi 35 yakiwekwa friji pamoja. Wenzake wakacheka. Osborne hakuamini, ila aliporudi Dar es Salaam alimwomba fundi wa maabara ajaribu. Fundi akarudi na taarifa kwamba ndiyo, yaliyoanza yakiwa ya moto yameganda kwanza, akaongeza kuwa wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Soma hiyo sentensi ya fundi, kisha kumbuka yule mwanafunzi wa 9.1 na kifutio chake.

Makala yao ilichapishwa mwaka 1969 katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia, Physics Education, sehemu moja ikiwa imeandikwa na Mpemba mwenyewe kwa Kiingereza chepesi kabisa. Na jambo lenyewe halijaisha. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima kwa uangalifu na wakaandika kuwa hawaoni ushahidi wa maana wa kuwepo kwake, wakionyesha jinsi mahali ulipokaa kipimajoto kwenye chombo panavyoweza kukudanganya. Wengine wameendelea kulitetea. Kwangu mimi ubishi huo ndio unaoifanya zawadi kuwa kamili. Ningekuwa namtumia mtoto anayekwenda kusoma fizikia au uhandisi kemikali, ningezichapa zote mbili, ya 1969 na ya 2016, nikazibana pamoja. Gharama yake ni chini ya sahani ya chipsi mayai.

Mjomba atasema anataka kitabu, kitu chenye jalada. Sawa.

Kwa mtu wa baiolojia, mifugo au wanyamapori, ningeanza na kitabu cha kwanza kikubwa cha Jane Goodall kuhusu Gombe, kile cha mwaka 1971 kiitwacho In the Shadow of Man. Alifika Gombe, Kigoma, Julai 1960, akiwa na miaka 26, hana shahada, kazi aliyosomea ikiwa ya ukatibu. Miezi ya mwanzo ni ya aibu tupu: sokwe wanamkimbia, homa inamlaza yeye na mama yake, pesa za utafiti zinaelekea kwisha. Kisha sokwe dume mwenye ndevu nyeupe, aliyempa jina la David Greybeard, anaonekana amekaa kwenye kichuguu. Anachukua unyasi, anauingiza kwenye tundu, anasubiri, anauvuta nje ukiwa umejaa mchwa walioung'ang'ania, anawalamba. Wakati mwingine anachukua kijiti chenye majani na kuyapukutisha kwanza, maana yake anakitengeneza chombo. Siku hizo vitabu vilisema binadamu ndiye kiumbe pekee anayetengeneza zana.

Mtoto wa Kigoma amewahi kuwaona watoto wenzake wakitega kumbikumbi. Ndiyo sababu tukio hili linamwingia kwa urahisi mwanafunzi wetu kuliko vitabu vingi vya aina yake. Lakini sehemu ninayoipenda zaidi siyo ya kichuguu. Ni pale anapozungumzia ndizi. Alianza kuwapa sokwe ndizi kambini ili awaone kwa karibu, na ndizi zikaleta vurugu: makundi yakaanza kukusanyika, ugomvi ukaongezeka, tabia aliyokuja kuitazama ikawa inabadilishwa na mtazamaji. Kijana atakayekuja kufanya utafiti wa mwaka wa mwisho, akipita nyumba kwa nyumba na dodoso na kugawa soda kwa wanaojibu, akumbuke zile ndizi. Kuna pia sura ya mlipuko wa polio wa mwaka 1966, ambapo chanjo ya matone ilifichwa ndani ya ndizi hizo hizo, na dume mzee aliyepooza miguu akawa anajiburuta kwa mikono mpaka wakaamua kumpunguzia mateso. Sijui mwanafunzi wa mifugo ambaye ataipita sura hiyo akiwa mzima moyoni.

Polio inanipeleka kwa mwanafunzi wa udaktari, na hapa sina mashaka hata kidogo. Mpe kitabu cha Rebecca Skloot cha mwaka 2010 kuhusu Henrietta Lacks. Henrietta alikuwa mama mweusi wa watoto watano, mkulima wa tumbaku kutoka Virginia, aliyekwenda hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1951 akiwa na saratani ya shingo ya kizazi. Kipande cha uvimbe wake kilichukuliwa, hakuombwa ruhusa, kikapelekwa maabara. Seli za wagonjwa wengine zilikuwa zinakufa baada ya siku chache. Zake ziliongezeka maradufu karibu kila saa 24, na hazijaacha. Alifariki Oktoba 4 mwaka huo, akiwa na miaka 31. Seli hizo, zilizoitwa HeLa, zilitumika kupima chanjo ya polio ya Salk na zikasambaa katika maabara za dunia nzima. Watoto wake walikuja kujua miaka zaidi ya 20 baadaye, na hata walipojua, walijua nusunusu.

Ukurasa wangu wa katikati katika kitabu hiki ni ule wa maabara. Deborah, binti yake, ambaye hakumkumbuka mama yake, anafika Hopkins akiwa mtu mzima, na mtafiti kijana anamfungulia friza. Anampa kichupa. Deborah anasema mama ana baridi, anakifumbata viganjani na kukipulizia pumzi ya moto, kisha anakinong'oneza kuwa wewe ni maarufu, ila tu watu hawajui. Baada ya hapo mtafiti anaketi nao, yeye na mdogo wake wa kiume, anawawekea hadubini na kuwaeleza seli ni nini. Katika miaka yote ile hakuna mtu wa hospitali hiyo aliyekuwa amekaa chini kuwaeleza.

Huyu kijana wetu baada ya miaka mitatu atakuwa wodini Muhimbili au Bugando, amevaa koti jeupe, amemshikia mama wa kijijini fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa lugha ya wanasheria. Mama atauliza: sasa hiyo damu mnaipeleka wapi? Vipindi vya maadili ya udaktari vitamfundisha kanuni ya ridhaa. Kitabu hiki kitamfanya akae kwenye ukingo wa kitanda na kulijibu swali.

Kwa uhandisi, chaguo langu ni la wengi, na nalitetea: William Kamkwamba wa Malawi, kitabu cha mwaka 2009 alichoandika na Bryan Mealer, The Boy Who Harnessed the Wind. Filamu yake ya 2019 wengi wameiona, na filamu, kama kawaida, imechukua machozi na kuacha waya. Kitabu kina waya. Njaa ya 2001 na 2002 ilimtoa shule kwa kukosa ada, akaenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi na kukuta kitabu cha Kimarekani cha nishati ambacho Kiingereza chake hakukimudu vizuri, akawa anasoma michoro kwanza na kurudi kwenye maneno baadaye. Kinu kilijengwa kwa feni ya trekta, shokomzoba, fremu ya baiskeli, dainamo na bomba la plastiki lililokatwa na kunyooshwa kwenye moto. Swichi za taa zilitokana na kandambili. Nyaya zilipoanza kuwa hatari ndani ya nyumba ya nyasi, alitengeneza kikata umeme kwa misumari na sumaku, akiiga mchoro wa kengele ya umeme. Mwanafunzi wa umeme wa mwaka wa kwanza anaweza kuchukua karatasi na kukichora upya kikata umeme hicho, na aone kama kweli kitafanya kazi. Hilo ndilo zoezi ninalolitaka litoke kwenye zawadi.

Sasa wale wawili ambao kila mtu huwataja. Mwanafizikia Stephen Hawking na kitabu chake cha 1988 kuhusu historia ya wakati: kimeuzwa mamilioni, kina fomula moja tu, E=mc², kwa kuwa aliambiwa kila fomula itapunguza wanunuzi kwa nusu. Kwa mtoto wa PCM aliyezoea kushika fomula mkononi, ukosefu wake unamwacha akielea, na kuanzia sura za katikati kitabu kinahitaji mtu wa kubishana naye. Kinapendeza rafuni. Sikipendekezi kama zawadi ya kwanza.

Richard Feynman, mwanafizikia wa Marekani, ni kesi nyingine. Katika kitabu chake cha masimulizi cha 1985 kuna sura ya Brazil ambayo ningependa isomwe na kila mkuu wa idara ya sayansi Afrika Mashariki. Alikuwa akifundisha Rio mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wanafunzi waliweza kumtajia kwa ufasaha pembe ambayo mwanga unaoakisiwa hupolaraizika, fomula na yote. Akawaambia wachukue vipande vya polaroidi, plastiki zinazochuja mwanga wa aina hiyo, watazame mwanga unaoakisiwa na maji ya ghuba hapo nje ya dirisha. Kimya. Maneno yalikuwa kichwani, maji yalikuwa nje, na hakuna aliyewahi kuviunganisha. Ni darasa letu kabisa, wamebadilishwa majina tu. Lakini kitabu hicho hicho kina sura za baa ambamo anasimulia mbinu za kuwapata wanawake kwa namna ya dharau. Kwa binti anayekwenda kukaa kwenye darasa la uhandisi akiwa na wasichana wenzake wanaohesabika, sioni kwa nini zawadi ya ukoo imwambie kuwa hivyo ndivyo mwalimu mashuhuri wa fizikia alivyowaona wenzake. Mihadhara ya Feynman ipo bure kwenye tovuti ya Caltech, na haina baa. Hiyo mwelekeze.

Na binti huyo mpe Wangari Maathai. Wengi wanamjua kwa miti na kwa Nobeli ya 2004, wanasahau kwamba alikuwa mwanabaiolojia wa maabara. Katika Unbowed, cha mwaka 2006, anasimulia aliporudi kutoka Marekani mwaka 1966 akiwa na shahada ya uzamili na barua ya ajira mkononi, akafika chuoni Nairobi akaambiwa nafasi kapewa mtu mwingine. Alishuku ukabila, alishuku pia kwamba ni kwa sababu ni mwanamke. Akaokotwa na profesa Mjerumani wa anatomia ya wanyama, akaanza kukata tishu na kuzitazama kwenye hadubini, na mwaka 1971 akapata udaktari wa falsafa. Hakuna maneno ya kutia moyo kwenye sehemu hiyo. Kuna mtu aliyedhulumiwa na ambaye Jumatatu alihitaji kazi.

Kwa hisabati tupu kuna Pólya, How to Solve It, cha 1945. Ni kidogo, ni cha bei nafuu, kinasomwa kwa penseli. Inatosha.

Masikitiko yangu ni kwamba orodha hii yote ni ya Kiingereza. Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza cha kujibia maswali anaweza kusoma kurasa 40 za termodinamiki na akakwama kwenye utani wa aya moja. Kwa hiyo pima lugha kabla ya kupima umaarufu: Goodall na Kamkwamba wanasomeka kwa wepesi, Skloot anahitaji uvumilivu wa kurasa za mwanzo, Hawking anachosha. Soma ukurasa mmoja kimoyomoyo kana kwamba wewe ndiye yeye. Ukiona wewe mwenyewe unarudi mstari mara tatu, usimtwishe.

Kuhusu pa kununulia, Dar es Salaam anza na wale wanaopanga vitabu vya mitumba barabarani pale mjini kati kabla hujaingia duka kubwa. Nairobi wanaziita inama bookshop, na ukiinama kwa subira hukosi kitu. Kitabu kilichotumika si aibu kwa zawadi. Cha kuogopa ni nakala za wizi, karatasi zinazopitisha wino na picha zilizogeuka madoa meusi, maana kwa kitabu kama cha Goodall picha ni nusu ya habari.

Wakati wa kutoa nao una maana. Usimpe akiwa anaenda JKT, kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, kule hakuna atakachosoma. Usimpe baada ya bumu la kwanza, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, kuingia, akili haiko huko. Mpe katika zile wiki za kungoja, ameshajua chuo, vyuo havijafunguliwa, anashinda sebuleni anabonyeza simu na mama anamtuma sokoni kila saa.

Na akirudi likizo usimuulize kama amekimaliza. Hilo ni swali la mtihani, na atakujibu kama mtihani. Muulize ni wapi anadhani mwandishi amekosea.